WACHEKI WA NEBRASKA: JINSI SHAMBA LIPITAVYO KUTOKA KWA MZEE HADI KWA MTOTO

Somo la mwezi huu halihusu mbolea wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Lahusu jambo linalofika juu ya meza ya ofisi ya kilimo karibu kila juma: shamba ambalo mwenyewe amekufa, hati bado ina jina lake, na watoto sita au saba wamesimama mlangoni, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Skimu kubwa za makazi zilianza hapa Kenya mwaka 1962. Waliopewa mashamba wakiwa vijana sasa ni wazee sana, na wengi wametangulia. Kwa hiyo swali la leo si jinsi ya kupata shamba. Ni jinsi shamba lipitavyo kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila kuvunjika vipande, na bila mzee kukosa mahali pa kulaza ubavu.

Mfano tutakaousoma watoka mbali, kwa Wacheki waliohama Ulaya wakaenda kulima katika jimbo la Nebraska, Marekani. Wengi wao walipata ardhi kwa sheria ya serikali, kila jamaa sehemu yake iliyopimwa, kwa sharti la kukaa juu yake na kuilima. Tena walitoka katika nchi yenye desturi ya mzee kuandikiana na mtoto wake angali hai, nayo yafaa ijulikane na kila mwenye shamba la skimu. Hatusemi ya kuwa watu hao walikuwa malaika. Waligombana kama watu wengine, na ndiyo sababu waliandika.

Nchi waliyotoka

Wacheki ni watu wa katikati ya Ulaya, wa nchi mbili za kale ziitwazo Bohemia na Moravia. Leo nchi yao ni Jamhuri ya Cheki, na mji mkuu ni Praha. Mpaka mwaka 1918 walikuwa chini ya Kaizari wa Austria. Mkulima alikuwa na shamba lake, lakini juu yake alikuwako bwana mkubwa mwenye ardhi, naye alidai kazi ya bure iliyoitwa robota. Sheria ya mwaka 1775 iliiwekea kazi hiyo kikomo: hata mwenye shamba kubwa asitoe zaidi ya siku tatu kwa juma. Siku tatu katika sita za kazi! Robota ilifutwa mwaka 1848. Thamani ya kazi hiyo ilipohesabiwa, theluthi moja ilisamehewa, theluthi moja ililipwa na serikali, na theluthi moja ililipwa na mkulima mwenyewe kidogo kidogo. Basi hata uhuru ulikuja na mkopo wake. Jambo hili wakulima wa skimu hawahitaji kuelezwa.

Watu wa kijiji hawakuwa sawa. Wa juu aliitwa sedlaki, mwenye shamba kamili na farasi. Chini yake alikuwa halupniki, mwenye kibanda na vipande vichache vya ardhi, ambaye hakuweza kulisha watoto kwa shamba peke yake, kwa hiyo alifuma nguo au alifanya kibarua. Chini kabisa alikuwa yule asiyekuwa na kitu ila mikono yake. Wengi waliohamia Marekani walikuwa watu wa daraja la katikati. Masikini kabisa hakuweza kulipa nauli ya meli, na tajiri hakuwa na sababu ya kuondoka. Aliyeondoka ni yule aliyekuwa na kibanda cha kuuza lakini hakuwa na ardhi ya kuwaachia wanawe.

Kwa muda mrefu ilikatazwa kuligawa shamba la mkulima. Msomaji asidhani ya kuwa mabwana wale waliwahurumia wakulima. Bwana alitaka shamba moja lenye nguvu, liweze kulipa kodi na kuleta farasi wawili siku ya robota. Mashamba kumi madogo yangemletea watu kumi wenye njaa. Katazo hilo liliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1860, na tangu hapo mtu aliweza kugawa kama apendavyo. Hata hivyo sehemu nyingi wakulima waliendelea kumpa mtoto mmoja shamba lote. Walikuwa wameona wenyewe, kwa macho yao, jinsi kibanda cha halupniki kinavyozaliwa.

Sehemu ya mzee

Je, mzee aliyempa mtoto mmoja shamba lote, yeye na mkewe walikula nini? Na watoto wengine walipata nini? Hapa ndipo penye moyo wa somo letu.

Wacheki walikuwa na mpango ulioitwa vimeneki. (Ni neno lao tu, msomaji asitafute kimeneki kimoja.) Maana yake ni sehemu ambayo mzee alijiwekea siku alipotoa shamba. Hakungoja kufa. Alipoona ya kuwa plau imeanza kumshinda, na mara nyingi wakati ule mtoto mrithi alipotaka kuoa, wazee wa pande mbili walikaa mezani. Bibi arusi alikuja na mali yake kutoka kwao, na mara nyingi fedha hizo zilitumika kuwalipa ndugu wa mume. Kisha mkataba uliandikwa na kutiwa katika kitabu cha ardhi. Tangu siku hiyo shamba lilikuwa la kijana, na mzee alihamia chumba cha upande wa pili wa nyumba, au nyumba ndogo iliyojengwa uani kwa kazi hiyo.

Mikataba hiyo yavutia sana kuisoma, kwa sababu haikuacha jambo lolote kwa ahadi ya mdomo. Iliandikwa vipimo vingapi vya ngano apewe mzee kwa mwaka, na vingapi vya rai, yaani nafaka ya mkate mweusi. Iliandikwa viazi, kabichi, maziwa, siagi, mayai. Kuni ziliandikwa, maana baridi ya kule yaweza kuua. Mzee aliweza kujiwekea kipande kidogo cha shamba, na mrithi akatakiwa kukilima kwa farasi wake. Aliweza kujiwekea mti mmoja wa matunda, akiutaja ni upi. Tena iliandikwa ruhusa ya kupita mlangoni, kuchota maji kisimani na kuota moto jikoni. Palikuwa na kifungu cha ugonjwa na kifungu cha mazishi. Mingine ilisema yatakayofanyika kama wazee na vijana hawatapatana chini ya paa moja: basi mrithi atoe fedha kadha wa kadha, wazee wakapange mahali pengine.

Huenda msomaji akauliza: mtoto ni wangu mwenyewe, nimemzaa na kumsomesha, mbona nimwandikie hesabu ya mayai? Swali hili ni la haki, na wako watakaoona ni aibu. Jibu ni ya kuwa mkataba ule haukumfunga mtoto peke yake. Ulifunga shamba. Kama mtoto alikufa kabla ya mzee, na mjane wake akaolewa na mtu mwingine, mume huyo mpya alikuta deni limeandikwa juu ya ardhi: chumba, ngano, maziwa, kuni. Kama kijana alilewa akauza shamba, mnunuzi alinunua pamoja na mzee wake. Ahadi ya mdomo hufa na aliyeitoa, lakini iliyo katika kitabu cha ardhi hukaa pale pale.

Watoto wengine hawakuachwa mikono mitupu. Thamani ya shamba ilihesabiwa, na mrithi akawa na deni kwa kila ndugu yake, akilipa kwa mafungu ya miaka. Msichana alichukua sehemu yake alipoolewa. Kijana mwingine alifundishwa kazi ya fundi. Mwingine alichukua fedha zake akakata tikiti ya meli.

Mpango huu ulikuwa na kasoro zake, nazo si ndogo. Mzee mwenye kupenda ukubwa aliweza kukaa na shamba mpaka mtoto ana mvi, na mtoto hawezi kuoa kwa kukosa mahali. Kwa upande mwingine, mrithi aliyechukua shamba lenye deni la ndugu watano na wazee wawili wenye afya njema alibeba mzigo mzito kwa muda mrefu. Tena kulikuwa na uchoyo wa namna ya siri: nafaka yapimwa sawasawa lakini ni ile mbaya ya chini ya ghala. Ndiyo maana katika mikataba mingine twaona maneno kama "ngano safi" na "maziwa yasiyotolewa malai". Maneno hayo huandikwa na watu waliokwisha kuona mambo.

Ekari 160

Tarehe 20 Mei mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuwapa watu ardhi ya serikali, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Mkuu wa jamaa, au mtu aliyetimiza miaka 21, aliweza kuandikisha ekari 160. Mgeni pia aliweza, akitangaza kwanza nia yake ya kuwa raia. Ada zote zilikuwa kama dola 18. Sharti lilikuwa kukaa pale miaka mitano, kujenga nyumba na kulima, kisha kuleta majirani wawili wathibitishe. Mwenye kuandikisha akifa kabla ya miaka mitano, mjane wake aliweza kuendelea na kupata hati. Kwa sheria hiyo watu kama milioni 1.6 walipata hati, lakini wengi zaidi waliandikisha wakashindwa wakaondoka.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Nebraska ilikuwa nchi ya Wapawnee, Waotoe na makabila mengine, ambao walisukumwa kwa mikataba na kwa nguvu. Wapawnee walihamishwa kati ya miaka ya 1873 na 1876 kwenda eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma, na Waotoe waliwafuata mwaka 1881. Mkulima wa Kicheki, ambaye baba yake alitoa robota, alipokea shamba la mtu aliyefukuzwa. Katika barua nyingi za wakati ule hutasikia habari hii, lakini si haki kuiruka.

Wacheki walianza kufika katika wilaya ya Saline, Nebraska, katikati ya miaka ya 1860, na baadaye wakaenea katika wilaya za Butler, Saunders na Colfax. Walikuta uwanda wa nyasi bila miti. Bila miti hakuna mbao, wala kuni. Basi walikata udongo pamoja na mizizi ya nyasi kwa plau, wakapanga vipande kama matofali wakajenga kuta, au walichimba nyumba ndani ya kilima. Mvua iliponyesha, paa lilivuja matope kwa siku mbili baada ya mvua kukoma. Walichoma magunzi ya mahindi, nyasi zilizosokotwa na mavi makavu ya wanyama. Mwaka wa kwanza wengi walipanda mahindi kwa shoka: wakata tabaka la nyasi, watia mbegu, wakanyaga kwa kisigino.

Hata hivyo kuna shida moja ambayo wataalamu wa kilimo huisahau. Ekari 160 ni mraba wenye upande wa nusu maili. Kule Bohemia nyumba za kijiji husimama pamoja kwa safu, na mashamba yako nje. Jioni mtu husikia jirani akikohoa. Huku Nebraska sheria ilimtaka kila mtu alale juu ya ardhi yake, kwa hiyo nyumba zilitawanyika, kila moja peke yake katikati ya nyasi na upepo. Mwanamke aliweza kukaa majuma bila kuzungumza na mwanamke mwenzake. Upweke huo uliua watu, na hili si neno la kupamba habari.

Jamaa ya Sadilek

Mwaka 1880 Francis Sadilek alifika karibu na mji wa Red Cloud, wilaya ya Webster, pamoja na mkewe na watoto. Binti yao Anna, aliyeitwa Annie, alikuwa amezaliwa mwaka 1869. Walifika wakati baridi yaanza, katika makao ya udongo, bila lugha ya nchi. Kabla ya majira hayo ya baridi kwisha, baba alijiua. Kwa kuwa alikufa kwa mkono wake mwenyewe, alizikwa penye njia panda, na baadaye tu mabaki yake yalipelekwa katika makaburi ya mji.

Fikiri hali ya mjane huyo. Alikuwa na watoto, shamba halijafunguliwa, na hakuna ndugu wa karibu. Annie alifanya kazi ya mwanamume shambani, kisha akaenda mjini kuwa mtumishi katika nyumba ya watu, ili fedha zirudi nyumbani. Hivi ndivyo walivyofanya wasichana wengi wa wahamiaji: mshahara wa binti uliokuwa jikoni mwa mtu mwingine ndio ulionunua maksai na mbegu za kaka yake. Katika hesabu za mashamba yale jina la binti halionekani, na mtu akiuliza nani alijenga shamba, huambiwa ni baba na wana wake. Mimi naona hesabu ya namna hiyo haijakamilika.

Annie alipata taabu nyingine. Mwanamume wa reli alimwahidi ndoa akamwacha na mtoto tumboni. Alirudi kwao, akazaa, akaendelea kulima. Mwaka 1896 aliolewa na John Pavelka, Mcheki mwenzake, nao wakalima kaskazini ya Red Cloud, karibu na Bladen, wakapata watoto wengi. Mwandishi Willa Cather, aliyekuwa amemfahamu tangu utotoni, aliwatembelea shambani, na mwaka 1918 akatoa kitabu kiitwacho My Ántonia, ambacho mwanamke wake mkuu ametokana na Annie. John alikufa mwaka 1926, na Annie mwaka 1955. Nyumba yao ingali imesimama na imehifadhiwa, pamoja na ghala lake la chini ya ardhi. Katika kitabu watoto watoka mbio katika ghala kama hilo, lililojaa vyakula vilivyohifadhiwa kwa majira ya baridi. Huko ndiko kulikokuwa na benki ya mke wa mkulima.

Yafaa tutaje ghala hilo, kwa sababu Wacheki wengi hawakutegemea zao moja la kuuza. Walipanda ngano na mahindi ya soko kama majirani, lakini pembeni walikuwa na kabichi ya kuchachusha kwa chumvi, miti ya plamu, popi ambayo mbegu zake hutiwa katika mikate mitamu iitwayo kolache, nguruwe, kuku na mabata bukini. Manyoya ya bukini yalijaza magodoro ambayo msichana alikwenda nayo kwa mumewe. Mwaka 1874 nzige walifunika Nebraska, wakala mahindi hata mashina, na jamaa nyingi ziliacha mashamba. (Nzige wa aina ile wametoweka kabisa duniani, mara ya mwisho walionekana hai mwaka 1902.) Tarehe 12 Januari 1888 dhoruba ya theluji ilikuja ghafula mchana, wakati watoto wako shuleni, ikaua watu wengi katika uwanda ule. Mwaka 1894 ukame uliunguza mazao. Aliyekuwa na yai, maziwa na pipa la kabichi alibaki, na aliyekuwa na ngano tu na rehani ya mashine mara nyingi aliondoka.

Jambo lingine lililowasaidia lafanana na gazeti hili. Mwaka 1891 Jan Rosický alianzisha mjini Omaha gazeti la wakulima kwa lugha ya Kicheki, jina lake Hospodář, maana yake mwenye shamba. Sehemu yake kubwa ilikuwa barua za wakulima wenyewe, kutoka majimbo mengi, wakielezana mbegu gani yastahimili ukame na dawa gani yatibu farasi. Mtu aliyekaa peke yake katikati ya ekari 160 alijua ya kuwa kuna mwenzake mahali fulani. Wasomaji wetu wanaosema hawana la kutuandikia na waone habari hii.

Watoto wote na ardhi moja

Sasa turudi kwenye urithi. Mkulima wa Kicheki alipofika Marekani alisema moyoni: huku hakuna haja ya kumchagua mtoto mmoja, ardhi ni nyingi, kila mwana atapata shamba. Kwa muda ilikuwa kweli. Kazi ya watoto wote iliwekwa pamoja, baba akashika mfuko, na fedha zilipotosha akanunua shamba la jirani anayeondoka kwa ajili ya mwana wa kwanza, kisha la pili. Mwaka 1890 waliohesabu watu Marekani walisema ya kuwa mpaka wa nchi isiyokaliwa umekwisha. Mwaka 1891 eneo jingine lilifunguliwa Oklahoma, tena katika nchi ya makabila yaliyosukumwa, na Wacheki walikuwamo kati ya walioingia. Mji wao mmoja huko ulipewa jina la Prague, kama mji mkuu wa kwao. Baada ya hapo mahali pa kukimbilia palizidi kupungua.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Ekari 160 kwa watoto wanane ni ekari 20 kila mmoja. Kila mmoja akizaa watano, ni ekari 4. Katika uwanda mkavu wa Nebraska ekari 20 hazilishi farasi na watu pamoja, sembuse ekari 4. Kwa hiyo mkulima alijikuta mahali pale pale baba yake alipokuwa Bohemia.

Desturi ya kuandikiana haikuzama baharini. Miongoni mwa wakulima waliohamia Marekani kutoka Ulaya zimeonekana hati nyingi za namna ile: baba ampa mwana mmoja shamba, naye mwana ajifunga kuwatunza wazazi maisha yao yote na kuwalipa ndugu zake. Vitu vilibadilika kidogo. Wazee wengi hawakupenda tena kukaa chumba cha nyuma, bali walijenga nyumba ndogo mjini, karibu na kanisa na duka, na kijana akawapelekea fedha, viazi na nyama. Miji midogo ya Nebraska ilijaa wazee wa namna hii, wenye bustani ndogo na kuku wachache, wakipanda gari kila Jumapili kwenda kutazama kama kijana ameupanda mpaka ule sawasawa.

Palikuwa na hatari moja: baba kufa mapema, kabla deni la shamba halijalipwa. Mwaka 1897 Wacheki wa magharibi walianzisha Omaha umoja wa kusaidiana ulioitwa kwa kifupi Z.C.B.J. Kila mwanachama alitoa mchango, na akifa jamaa yake ilipata fedha. Umoja huu ulijitenga na ule wa zamani wa mwaka 1854, na moja ya sababu ni ya kuwa ulitaka kuwapokea wanawake kuwa wanachama sawa na wanaume. Mjane aliyepata fedha hizo aliweza kulipa rehani na kuzuia shamba lisipigwe mnada. Tena umoja ulijenga majumba ya mikutano shambani, penye ngoma, michezo ya kuigiza na harusi. Kwa watu waliokaa nusu maili kutoka kwa jirani, jumba hilo lilikuwa dawa.

Kizazi cha tatu kilipata mtihani wake katika miaka ya 1930, wakati ukame na vumbi vilipokuja pamoja na bei kuanguka. Baada yake trakta ilifanya kazi ya farasi na vijana wengi, na ekari 160 zilizotosha jamaa ya watu kumi hazikutosha tena. Siku hizi wastani wa shamba la Nebraska ni karibu ekari 1,000. Wajukuu wengi wako Omaha na Lincoln wakifanya kazi za ofisini na viwandani. Katika mji wa Wilber sikukuu ya Kicheki ilianza mwaka 1962, mwaka ule ule skimu zetu zilipoanza, na wengi wanaokuja hawajui Kicheki ila majina ya vyakula.

Na waliobaki Bohemia? Chama cha Kikomunisti kilishika serikali mwezi wa Februari 1948, na kwa sheria ya mwaka 1949 wakulima walianza kuingizwa katika mashamba ya pamoja, wengi wao kwa kulazimishwa. Kufika mwaka 1960 karibu wote walikuwa wameingia. Serikali hiyo ilianguka mwaka 1989, na mwaka 1991 ilitolewa sheria ya kurudisha ardhi. Hapo watu walikwenda kutafuta vile vitabu vya ardhi vya zamani. Ambaye jina la babu yake lilikuwamo aliweza kudai.

Zoezi la vikundi

Kwetu Kenya kugawa au kuhamisha ardhi ya kilimo kwahitaji idhini ya bodi ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967, kwa hiyo mtu asitoke katika somo hili na kuanza kupima kwa kamba. Kazi ya kikundi mwezi huu ni ya kalamu tu. Kila mmoja aandike ekari zake na idadi ya watoto, wa kike na wa kiume, kisha agawe. Baada ya hapo, bila kuonyesha jirani, aandike kitu ambacho mzee na mkewe wahitaji kwa mwaka mmoja katika boma lake: magunia mangapi ya mahindi na maharagwe, maziwa kiasi gani kwa siku, sukari, dawa, fedha ya kanisani au ya msikitini, nyumba ipi, na njia ipi ya kupita. Wazee waandike orodha yao na vijana waandike yao, mbali mbali, ndipo zisomwe pamoja mbele ya wote. Tena andikeni ni nani atakayechota maji.